Gitaa Lililolia kwa Mshonaji

Jumanne, saa nane mchana, fundi gitaa alimaliza kukaza uzi wa sita, akalifuta gitaa vumbi kwa kitambaa kikavu, akapiga. Halikutoka neno. Si kwamba sauti ilikuwa ndogo au ilikwaruza, haikuwepo kabisa. Nyuzi zilitikisika, ubao ukamtetemesha kifuani, lakini chumba kilibaki na sauti zake zilezile: feni, nzi mmoja dirishani, na msumeno wa seremala jirani.

Fundi hakuwa mwanamke wa kubabaika. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alishatengeneza zeze lililotoka jasho kila liliposogezwa dirishani, na kinanda kilichopungua uzito siku za Ijumaa. Alichomeka waya kwenye spika akafungulia mpaka mwisho. Taa nyekundu ikawaka, spika ikatulia kama maji mtungini. Akabadilisha waya. Akabadilisha spika. Akafungua vijumba vya sumaku zinazonasa sauti na kukagua kila kiungo alichokuwa amekilehemu kwa mkono wake. Kazi ilikuwa safi. Akapiga tena, kwa nguvu, na seremala jirani hakuinua hata kichwa.

Gitaa lilikuwa la umeme, la zamani, lenye tumbo pana lililochongwa likavimba mbele kama la fidla, na matundu mawili marefu yaliyopinda, moja kila upande wa nyuzi. Mwenyewe alikuwa mzee aliyejulikana na kila mwenye redio kwa jina la Vidole. Alilileta likiwa na shingo iliyopinda, ufa wa urefu wa kiganja ubavuni, na vanishi iliyobambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Jumamosi ya wiki iliyofuata Jumanne hiyo Vidole angetunukiwa nishani kwenye ukumbi mkubwa wa mji. Angepiga wimbo mmoja, kisha gitaa lingefungiwa ndani ya kabati la kioo hapohapo ukumbini, likae humo siku zote. Alichotaka ni ling'ae.

Fundi alikuwa ameshauziba ufa kwa gundi na vipande vyembamba vya mbao, akaibana shingo kwenye jiriwa siku tisa mpaka ikanyooka, akapaka vanishi tabaka juu ya tabaka. Kitu kimoja tu hakukigusa. Waya wa sumaku ulishawahi kusukwa upya na mtu, zamani, mizunguko elfu kadhaa iliyolala sawasawa kama uzi kwenye bobini, na mwisho wake ulifungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani. Kazi kama ile haifumuliwi.

Alikuwa bado ameinama mezani mlango ulipogongwa. Aliingia mwanamke wa miaka kama sabini, mwembamba, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Alisalimia, akaulizia hali ya kazi kama adabu inavyotaka, kisha akasema:

"Uzi wa tatu umepanda kidogo. Na kama ungeweza kusubiri mpaka saa tisa ningeshukuru, fundi. Nina mteja nampima."

Fundi aliulegeza uzi wa tatu. Akauliza kama hapo panatosha.

"Sijui," alisema yule mwanamke. "Mpaka niwe nyumbani."

Basi ndivyo ilivyojulikana. Mwanamke yule alikuwa mshonaji, anakaa mtaa wa tatu kutoka pale, nyuma ya duka la rangi; kwamba gitaa limeletwa kwa fundi alisikia kwa wateja wake. Gitaa likipigwa popote duniani, sauti yake ilitokea chumbani kwake, kwenye kona iliyo kati ya kabati la vitambaa na dirisha, usawa wa mtu aliyeketi. Imekuwa hivyo miaka arobaini na mmoja. Wateja wake walizoea. Hakuna aliyeweka mkoba wake kwenye kona ile. Aliyeshindwa kuzoea ni mumewe tu, ambaye alisema hawezi kula chakula na mtu asiyeonekana akimpigia muziki ubavuni, akahamia kwa dada yake na hakurudi.

Fundi alimwomba namba ya simu. Kuanzia siku ile alifanya kazi simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Yeye anapiga huku, mshonaji anasikiliza kule na kumwambia. Uzi wa pili unakwaruza kwenye kichuma cha saba cha shingo. Daraja la nyuzi lisogeze nyuma, punje ya mchele tu. Hapo umepitiliza. Hapo. Usiguse tena. Fundi alikuwa hajawahi kufanya kazi na sikio la namna ile, na siku ya tatu akauliza lilifundishwa wapi.

Mshonaji alijibu huku cherehani ikienda, kwa maneno machache, kama mtu anayesimulia safari ya sokoni. Gitaa lilikuwa lake. Sumaku alizisuka mwenyewe, kwa gurudumu la cherehani ya mama yao. Vidole ni mdogo wake, kitinda mimba. Walianza bendi pamoja. Yeye alipiga ameketi nyuma, mdogo wake aliimba amesimama mbele, na aliyeandika majina siku ya kurekodi aliandika la aliyesimama. Kisha yeye akajifungua, na mdogo wake akaja kuliazima gitaa kwa wiki moja.

"Nyimbo zile nane zinazopigwa redioni ni zako?" fundi aliuliza.

"Tisa. Moja wanaipiga kwenye misiba, watu hawaihesabu."

Usiku ule fundi alikula chakula chake amesimama. Mumewe alimwambia anahangaika kama kuku anayetaka kutaga, naye akajibu kuwa ni shingo tu ya gitaa inayomsumbua. Lakini shingo ilikuwa imeshanyooka. Kilichomsumbua ni hesabu nyepesi: Jumamosi gitaa linaingia ndani ya kioo, kioo kinafungwa, na baada ya hapo hakuna atakayelipiga. Ile kona itanyamaza. Mtu ataporwa mara ya pili, na safari hii kwa makofi na maua, na mikono iliyoling'arisha gitaa kwa ajili hiyo ni yake yeye.

Asubuhi alimpigia mshonaji, akamwambia aje kulipiga mwenyewe kabla halijaondoka.

Alikuja adhuhuri. Hakuketi mara moja. Alizunguka karakana, akasoma lebo za makopo ya vanishi, akanyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka. Mwishowe alivuta kigoda, akalipakata gitaa kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake, akapiga wimbo wa misiba.

Sauti ilitoka ndani ya gitaa. Ilijaa chumba, ikatoka mlangoni. Seremala alizima msumeno. Mpita njia mmoja aliyekuwa na kreti ya mayai kichwani alisimama hadi mwisho, akasema ahsanteni, akaendelea na safari yake. Mikono ya mshonaji ilikuwa imekakamaa na alikosea mahali pawili, na kila mahali alipokosea alirudi nyuma akapasahihisha.

Fundi alifunga mlango. Alisema wazi alichokuwa amekifikiria usiku kucha: lichukue. Nitamwambia mdogo wako karakana imevunjwa.

Mshonaji aliuliza:

"Niibe kitu changu?"

"Basi unataka nini, dada?"

"Aseme. Mbele ya watu. Kwamba nyimbo ni za dada yake. Akishasema, hata akilichoma moto." Alilirudisha gitaa mezani, akaokota vipande vya uzi vilivyonasa kwenye shati lake, akalivuta tena gitaa likae katikati ya meza, akatoka. Baada ya dakika moja alirudi kuuliza kama aliacha tepu yake. Ilikuwa shingoni.

Vidole alikuja Alhamisi, koti jipya, viatu vinavyolia. Aliligeuzageuza gitaa kwenye mwanga akasifu vanishi. Hakulipiga. Fundi alimuuliza kama hataki kulisikia.

"Fundi, mimi na wewe ni watu wazima," alisema bila kinyongo. "Halijawahi kunitolea sauti hata siku moja. Mara ya kwanza nilidhani nimekata waya. Miaka yote hii nilikuwa na kijana nyuma ya pazia, na gitaa lake. Jumamosi tutatumia mkanda."

"Unajua sauti inakokwenda?"

"Najua." Alikwaruza kidoa cha gundi ambacho hakikuwepo. "Huwa nafanya mazoezi kila asubuhi. Saa moja kamili, kabla hajaanza kushona. Ili asikose."

Fundi hakutegemea jibu lile. Kisha akamfikishia ujumbe, neno kwa neno, ila lile la kuchoma moto alilibakiza. Vidole alisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda kilekile. Alisema dada yake ana haki. Alisema kwamba neno hilo amelibeba tumboni kama jiwe, na kila mwaka limeongezeka uzito, na sasa hana sababu tena ya kuogopa, mtu wa umri wake atafanywa nini. Macho yake yalikuwa na machozi. Aliapa kwa kaburi la mama yao kwamba Jumamosi atasema. Fundi alimwamini, na hata leo husema kwamba wakati ule mzee hakuwa akidanganya.

Jumamosi alasiri fundi alikwenda kwa mshonaji. Hakualikwa ukumbini, na hata angealikwa asingekwenda. Redio ilikuwa juu ya kabati. Mteja mmoja, karani wa benki, alikuwa amesimama katikati ya chumba ndani ya gauni lenye mkono mmoja, maana harusi haingojei nishani ya mtu. Mshonaji alikuwa amemzunguka na pini mdomoni, na kila alipochomoa pini moja aliirudisha palepale ilipokuwa.

Hotuba zilikuwa nyingi. Kisha mtangazaji akasema mzee analichukua gitaa lake, na watu wakapiga makofi. Redioni ukaanza mkanda. Chumbani, kwenye kona, gitaa lenyewe likaanza pia, nyuma ya redio kwa nusu pigo, safi, uzi wa tatu ukiwa mahali pake. Mshonaji alinyoosha mkono akaizima redio kwa muda wa wimbo. Mdogo wake alipiga vizuri. Alikuwa mpigaji mzuri siku zote. Kuhusu hilo dada yake hakuwahi kumsema vibaya.

Ulipokwisha aliiwasha tena. Vidole alikuwa akizungumza. Aliwashukuru wakubwa waliohudhuria, akaishukuru bendi, waliopo na waliotangulia. Alimshukuru fundi, mwanamke hodari, aliyelirudishia gitaa uhai. Halafu akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hata mtangazaji akaanza kueleza rangi za mapazia. Fundi alijikuta amesimama. Mshonaji alikuwa ameshika pini hewani.

"Watu huniuliza nyimbo hizi nilizitoa wapi," Vidole alisema. "Ukweli ni kwamba..." Alikohoa. "Ukweli ni kwamba zilinijia tu. Kama mvua."

Makofi yalidumu sana. Katikati yake mtangazaji alisema kwamba sasa gitaa linawekwa kwenye kioo, na sasa kioo kinafungwa. Chumbani, kwenye kona, ulisikika mgongano mdogo wa nyuzi, kama kitu kinapowekwa chini kwa uangalifu. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Fundi alikwenda dirishani, akarudi. Karani wa benki, aliyekuwa amesimama muda wote bila kutikisika kwa kuogopa pini, alishusha pumzi, akasema yule mzee kweli amejaliwa, nyimbo zake wamezikuta tangu wakiwa wadogo, na ule wa kwenye misiba ndio usiseme, walimwimbia baba yake.

"Pole kwa baba," mshonaji alisema. "Geuka nikupime mgongo."