Maji Aliyokunywa Diwani

Mdomo wangu hauna breki, na siku ile nilijiona wa maana kuliko diwani mwenyewe. Diwani ni mume wa dada yangu. Mimi ni mhudumu wa ukumbi wa kata: nafagia, napanga viti, nachemsha chai. Watu walijaa mpaka madirishani, wamenuna. Tangu bomba jipya lifunguliwe pale uani walikuwa wanaugua matumbo, na walisema kiwanda cha ngozi kinamwaga uchafu kwenye chanzo cha maji. Shemeji alikuwa ameahidi kuyanywa mbele yao.

Mimi sikuwa na wasiwasi hata chembe. Alipokuja kwangu kumwona mjukuu wangu mchanga, alimpakata, akaniambia, "Shemeji, maji yamepimwa, ni safi. Mimi nikudanganye wewe?" Basi tukaacha kuchemsha. Binti yangu alikuwa akimkorogea mtoto maziwa kwa maji ya bomba, na ni mimi niliyemwambia aache kuunguza mkaa bure.

"Jagi liko kwenye friji ofisini kwangu," Shemeji alininong'oneza akielekea jukwaani. "Lilete kama lilivyo."

Nililikuta limejaa pomoni. Nikacheka peke yangu. Wanaume bwana! Nani angeamini maji yaliyotoka kwenye friji ya diwani? Nikaona nimwokoe na maneno ya watu. Niliyamwaga yote, nikatoka na jagi tupu nimeliinua juu, nikalijaza bombani huku waliosimama uani wakinikodolea macho. Binti yangu alikuwa miongoni mwao, mtoto mgongoni. Shemeji alikuwa ndani anahutubia, hakuona kitu.

Alikunywa glasi nzima, akajifuta mdomo, akaongeza nyingine. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mimi nilipiga ya kwangu mpaka viganja vikaniwasha.

Mkutano ulipoisha nilimfuata ofisini. Alikuwa amelegeza tai, anatabasamu.

"Shemeji, friji imekufa nini? Mbona maji yalikuwa vuguvugu?" aliniuliza.

"Friji nzima kabisa. Yale niliyamwaga. Nimekutekea ya bombani, tena watu wakishuhudia. Leo umewaziba midomo!"

Nikangoja ahsante yangu. Badala yake alitoka mbio hadi kwenye sinki, akajitia vidole kooni na kutapika. Nilidhani ananitania. Akainua uso, macho mekundu, akanifokea, "Unataka kuniua? Majibu ya vipimo nimeyaona mimi! Nilijaza yale ya chupa kwa mkono wangu mwenyewe!"

Nilishika meza.

"Mjukuu wangu anayanywa," nilisema. "Wewe ndiye uliyeniambia. Ulimpakata ukaniambia."

Alinitazama, matone yanamdondoka kidevuni, na wallahi yeye ndiye aliyeonekana kushangaa kuliko mimi.

"Shemeji, jamani," alisema. "Pale nilikuwa naongea kama diwani."

Sijui nilipitaje mlangoni. Uani, wale wale waliokuja wamenuna walikuwa wamepanga foleni bombani na ndoo na madumu, wanataniana, wanasukumana. Niliipiga teke ndoo ya kwanza, maji yakatapakaa.

"Mwageni!" nilipiga kelele. "Maji mabaya! Amesema mwenyewe, mabaya!"

Waliangua kicheko. Mmoja akasema shemeji mtu leo kapandwa na wazimu. Mwingine akaniuliza nimegombana na dada yangu nini. Nilimshika mkono kila niliyemfikia, nikaapa, nikalia. Wakanisogeza pembeni taratibu, kama mgonjwa.

Binti yangu alijipenyeza mpaka mbele, mtoto amelala mgongoni, shavu limemlalia begani.

"Mama, unatuaibisha," alisema kwa sauti ya chini. "Si ni wewe uliyemtekea? Nimekuona kwa macho yangu."

Akainama, akaiweka ndoo yake chini ya bomba.