Nyuzi Arobaini na Nne

Saa tano kasoro dakika tatu asubuhi, msichana ambaye mji mzima ulimwita Kasuku alikuwa amechutama uani mwa kituo, mbele ya kisanduku cheupe cha mbao, jicho moja amelifumba, akisoma kipimajoto kilichomo ndani. Arobaini na nne. Akafuta jasho, akasoma tena, kana kwamba mara ya pili kioo kingemwonea huruma. Arobaini na nne vilevile.

Jina hilo alibandikwa na kaka yake siku alipopata kazi. "Kazi gani hiyo? Unarudia kinachosemwa na kioo. Wewe kasuku tu." Alikuwa na miaka kumi na saba, na sauti yake ndiyo iliyotoka kwenye vipaza sauti vyote kila siku saa tano kamili. Tangu bahari ilipoumeza mji wa chini na watu wakabanana huku juu, Kamati ya Joto ilikuwa na sheria moja iliyojulikana hata na watoto: zikifika nyuzi arobaini na tano, king'ora kinalia na kazi zote za nje zinasimama mpaka jua lizame. Zikipungua hata kwa moja, kazi inaendelea.

Na kaka yake alikuwa juu ya mabati. Kila siku alipaka mapaa chokaa ili nyumba zisigeuke tanuri. Jana yake alikuwa amerudi ngozi imekauka kama karatasi, hatoi hata tone la jasho, akauliza mara tatu mama yuko wapi, na mama amekaa mbele yake. Walimmwagia maji mpaka akili ikamrudia.

"Kesho huendi," mama alisema.

"Nisipoenda wananifuta kwenye orodha. Wakinifuta, chumba hiki tunahama. Tutahamia wapi, mama? Baharini?"

Akaenda.

"We Kasuku!" Msimamizi wa kituo aliita kutoka dirishani. "Unakisoma hicho kipimajoto au unakiposa? Dakika moja!"

Alikimbia ndani, akakaa mbele ya maikrofoni. Alikuwa ameshakata shauri kusema kilichopo. Taa ya matangazo ikawaka, na mdomo wake ukasema, "Nyuzi arobaini na tano."

King'ora kikapiga ukunga. Msimamizi akaandika namba kwenye karatasi yake bila kuinua kichwa, kwa kuwa miezi minane msichana huyu hakuwahi kukosea.

Adhuhuri kaka alikuwa amejilaza kwenye sakafu ya saruji, chokaa imemganda kwenye nyusi, anacheka peke yake. "Leo Mungu katukumbuka. Nyapara alivyonuna! Ungedhani jua ni la baba yake." Mama naye akacheka. Kasuku alitaka kucheka nao, lakini hakuweza kutulia. Alifagia palipofagiliwa. Alikunja nguo, akazikunjua, akazikunja tena.

Saa nane mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Pacha, jirani wa mlango wa tatu, mtoto mmoja begani, mwingine mgongoni.

"Jamani, samahani. Mna hata kikombe cha maji? Mkokoteni wa maji haukufika upande wetu."

"Haukufika vipi?" mama aliuliza, tayari ameshika mtungi.

"King'ora si kimewakuta katikati ya mtaa? Wasukuma mikokoteni nao ni watu wa nje, dada. Siku za king'ora huwa wanazinusa. Asubuhi ikiamka na thelathini na nane wanatoka alfajiri, wanamaliza mapema. Leo imeamka na thelathini na sita, wakajua wana siku nzima. Sasa huyu..." Akamshusha yule wa begani. "Huyu tangu saa saba halii. Bora angelia."

Mtoto alikuwa na miezi minne. Midomo ilikuwa na magamba meupe. Kasuku alichukua kijiko kutoka mkononi mwa mama yake, lakini aliharakisha mno, maji yakamwagikia shingoni mwa mtoto, na ikabidi kaka ampokonye.

"Maji apewe mama yake, anyonyeshe," kaka alisema. "Anywe yote. Nyie wengine mnatazama nini? Gongeni milango, kusanyeni vikombe!"

Walikusanya vikombe vya nyumba saba. Jua lilipokaribia kuzama ndipo mtoto akalia, kilio chembamba cha hasira, na mtaa mzima ukashukuru kwa kelele. Kasuku alisimama ukutani amejikumbatia. Kaka alimjia akiwa anajifuta mikono.

"Asubuhi ilikuwa poa," alisema polepole. "Nilikuwa juu kule. Nyuzi tisa zilipanda saa ngapi?"

Kaka alimtazama, kisha akageuka akaenda kurudisha vikombe.

Siku ya pili kisandukuni kulikuwa na arobaini na nne tena. Kasuku aliingia ndani. Akisema moja zaidi, kaka anashuka na mtoto wa mwenzake anakauka. Akisema ilivyo, kaka anabaki juu. Taa ikawaka.

"Nyuzi arobaini na nne," alisema. "Na jana pia zilikuwa arobaini na nne. Mimi ndiye niliyeongeza moja. Mikokoteni iliyokwama ilikwama kwa sababu yangu. Naombeni radhi."

Msimamizi aliruka akakata matangazo. "Umerogwa? Unajua Kamati watanifanya nini?"

"Mzee, hiki tunachosoma ni joto la uani. Kivulini, ndani ya sanduku. Nani amewahi kupima juu ya bati?"

"Kamati haina karatasi ya juu ya bati."

"Basi nipe karatasi tupu."

Mzee akavuta droo, akatoa kipimajoto cha akiba na karatasi isiyo na mistari, akavisukuma mezani kama mtu anayesukuma kitu kisichokuwa chake.

Barabarani mikokoteni ilikuwa ikisukumwa, madumu yakigongana. Mwanamke mmoja alimtemea maneno: "Muongo wee!" Hakugeuka. Aliifuata harufu ya chokaa hadi kwenye ngazi, akapanda.

Wapakaji sita waligeuka. Kaka yake alisimama na brashi mkononi, uso umekunjamana.

"Umenifanya kichekesho. Nani alikuambia mimi nahitaji kubebwa?"

"Hakuna. Nilikuogopea tu, kaka. Nimekosea nilivyofanya, kukuogopea sikukosea. Jibanzeni hapa mnifanyie kivuli, jua lisikipige kipimajoto."

Hakuna aliyesogea. Kisha mpakaji mzee kuliko wote akasogea, akafuatwa na mwingine, na mwisho kaka mwenyewe, akinung'unika. Miili yao ilitengeneza kivuli kidogo juu ya bati, na yeye akakishika kipimajoto humo kwa uzi, nyayo zikiungua ndani ya kandambili. Walingoja. Kioo kilipanda.

"Soma," kaka alisema.

"Hamsini na moja."

Mpakaji mmoja akaguna, "Kumbe hatukuwa tunadeka." Kasuku akaandika namba kwenye karatasi tupu, na chini yake saa na mahali: juu ya bati.

Chini nyapara alikuwa anapiga kelele ni mkutano gani huo. Alipoona hawajibu, akapanda ngazi mwenyewe, akihema, mtu ambaye tangu mvua za mwisho hakuwahi kukanyaga paa. Alipofika juu alishika ukingo wa bati ili ajivute, akauachia papo hapo, akakiangalia kiganja chake. Wapakaji walimpisha akaingia kivulini mwao.

"Hebu soma tena," alisema. "Nataka nione mwenyewe."