Walipotupaka Rangi ya Njano

Kama una mtoto na unakaa karibu na mto, soma hili mpaka mwisho. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo utanivumilia nikizunguka. Lakini niliyoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na naandika sasa kwa sababu watu wa ramani wanarudi Alhamisi, na tayari majirani wanakoroga chokaa.

Mtaa wetu ni Bangkal, ukingoni mwa mto, chini ya soko la samaki. Ng'ambo ni Pulo. Ni maskini sisi kwa sisi, nyumba za mianzi na mabati huku na huku, na mto ukijaa hula pande zote mbili. Kila nyumba ina nguzo ya kati. Ikipita dhoruba kubwa, mwenye nyumba huchora mstari kwenye nguzo pale tope lilipokomea na kuandika jina la dhoruba. Mstari wa juu kwangu ni wa Perlita, unanifika kidevuni. Nguzo hiyohiyo ndiyo tunayopimia watoto, kwa hiyo mwanangu Jonalyn yumo tangu alipoanza kusimama, na mjukuu wangu Tintin yumo, juu kidogo ya goti langu.

Mwaka ule walipokuja mara ya kwanza, jiji lilikuwa linaandika upya mpango wake wa ardhi, ule unaosema kwa miaka mingi ijayo wapi watu wakae, wapi viwanda vijengwe na wapi pasiguswe. Walituita kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, wakatupa tambi na soda, wakatandaza ramani mezani. Bi Arrieta wa ofisi ya mipango miji, mama mpole mwenye miwani, akatueleza. Njano ni makazi: utapata hati, utapata bomba, utapata kibali cha kujenga kwa tofali. Nyekundu ni hatari: utahamishwa siku ikifika, na kabla ya siku hiyo jiji litakuwekea king'ora, litakupa mashua na kukufundisha namna ya kukimbia.

"Tuhamishiwe wapi?" akauliza Charing, jirani yangu anayeuza keki za mchele, ambaye mdomo wake haulali.

"Kule mlimani, Kabulihan."

"Kwenye mbuzi? Sasa nikawauzie keki mbuzi? Wanalipa nini, mavi?"

Watu walicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Kila mtu alikuwa na ndugu aliyepelekwa Kabulihan. Kazi hakuna, maji yanaletwa na gari likipenda, na nauli ya kushuka sokoni inamaliza ulichokiuza. Sitaki udhani majirani zangu walikuwa wajinga. Waliogopa njaa, na njaa walikuwa wanaijua kwa jina.

Bi Arrieta akasema watapita nyumba kwa nyumba kuangalia tope lilifika wapi, na rangi itatokana na hapo. Alipoondoka, Kapitani Doming, mwenyekiti wetu wa mtaa, akapanda juu ya benchi.

"Jamani, si sikukuu ya Mtakatifu Roko inakaribia? Si kila mwaka tunapaka nyumba chokaa? Basi mwaka huu tupake mapema. Na ndani pia. Na nguzo."

Kesho yake mtaa mzima ulinuka chokaa. Pulo hawakupaka, maana mtakatifu wao sikukuu yake ni mwezi Mei.

Jonalyn alikuwa anakaa jirani yangu na mumewe Rodel, mbeba samaki bandarini. Nyuma ya nyumba yao ya mianzi walikuwa wamepanga tofali, wakinunua chache kila walipopata, wakisubiri kibali. Alinikuta jikoni nakaanga samaki mkavu.

"Mama, umepaka nguzo?"

"Sijapaka."

"Mama!"

"Nguzo ina Tintin. Nimpake chokaa mjukuu wangu?"

"Tutampima upya. Kwani ameacha kukua?"

"Na Perlita? Perlita tulikaa juu ya bati mimi na wewe, ukanikojolea mgongoni, kana kwamba mvua haikutosha. Umesahau?"

"Sijasahau," akasema, na uso ukabadilika. "Ndiyo maana nataka ukuta wa tofali. Hii nyumba mtu akiipiga teke inafunguka."

"Baba yako ndivyo alivyotuokoa. Aliipiga teke, ikafunguka."

"Mama, wewe jogoo akikohoa tu unafunga mizigo. Nakuomba. Niache nijenge."

Sikupaka. Bi Arrieta alipofika kwangu, Kapitani alikuwa nyuma yake na nusu ya mtaa mlangoni. Akaitazama nguzo, akapitisha kidole kwenye mstari wa Perlita.

"Mama Felisa, nyumba zote nilizopita hazina alama. Labda hapa kwako ni bondeni?"

"Hasa, injinia," akadakia Kapitani. "Hapa pana shimo. Halafu mama yetu huyu, tunampenda, lakini ana wasiwasi. Mwaka jana alihama kwa sababu ya kunguru."

Wakacheka. Nikamwambia, "Shimo liko wapi, Doming? Simama hapa, kisha nenda kasimame kwa Charing. Magoti yako yatakwambia kama umepanda mlima."

Charing akatazama pembeni. Jonalyn alikuwa mlangoni na Tintin kiunoni. Yeye hakucheka. Alinitazama kama vile nimeingiza mkono kwenye sahani ya mtoto wake nikachota wali.

Bi Arrieta akanishukuru, tena kwa heshima. Akasema, "Alama moja, mama, siwezi kuchorea ramani."

Ramani ilipotoka, Bangkal ilikuwa njano na Pulo nyekundu. Kapitani alichinja nguruwe. Charing alisimama ukingoni akapiga kelele kuelekea ng'ambo, "Haya wekundu! Mmeshajifunza kusalimia mbuzi?" Na kutoka Pulo mtu akamjibu, "Tukifika tutawaambia dada yao anawasalimia!" Hata mimi nilicheka, nakiri.

Kibali kikaja, Rodel akajenga. Nyumba ilikuwa nzuri, sina la kusema. Kwetu nyumba ya tofali bila grili madirishani watu huona hujamaliza, kwa hiyo fundi akaleta grili za chuma kinene, akazizamisha ndani ya saruji. Nilimwomba Rodel aache dirisha moja linalofunguka.

"Mama, na mwizi naye si atalitumia hilohilo?"

"Lifunge kwa kufuli."

"Funguo zikipotea? Mama, pumzika. Sasa tuko njano."

Jiji likasimamisha king'ora kule Pulo, juu ya mlingoti karibu na kanisa lao dogo. Jumamosi walikuwa wanakijaribu. Wakati huo watu wa Pulo hupanda mbio kwenda shuleni juu ya kilima, wamebeba watoto na vifurushi, na mashua yao inazunguka mtoni. Sisi tulikuwa tunakaa ukingoni na karanga kuwatazama kama sinema. "Kimbieni wekundu!" Watoto wetu wakautungia mchezo, wekundu wanakimbia, njano wanakaa. Tintin siku zote alitaka kuwa njano.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba kulikuwa na manyunyu tu. Mvua yenyewe ilikuwa imenyesha huko juu milimani, ambako hatuoni. Jonalyn alikuwa ameshakwenda sokoni. Rodel alirudi kutoka bandarini, akafunga mlango kwa komeo, akalala na mtoto. Nikasikia king'ora, na haikuwa Jumamosi.

Nilitoka. Charing alikuwa anageuza keki zake juu ya makaa.

"Charing, kinalia."

"Chao hicho," akasema. "Nipishe moshi."

Ng'ambo watu walikuwa wanapanda kilima, na safari hii hakuna aliyekuwa anacheka. Nilikwenda kwenye dirisha la Rodel nikagonga chuma.

"Rodel! Amka, mwanangu, kinalia!"

"Cha wekundu hicho, mama. Nimelala sasa hivi."

"Basi nipe mtoto nikae naye."

"Amelala. Mvua yenyewe ya kumwagilia maua hii." Akageukia ukutani. Mguu wa Tintin ulikuwa umetoka nje ya chandarua. Nilitaka kuingiza mkono niurudishe ndani, lakini nafasi kati ya chuma na chuma ilikuwa ndogo kwa mkono wangu.

Nilikuwa bado nimesimama pale niliposikia mto. Perlita ilipanda polepole, kama maji ya beseni. Haya yalikuja na magogo, yakiwa yamesimama kama ukuta. Niliita jina la Rodel, nikakimbilia kwangu, na maji yakanikuta kwenye nguzo. Nilipanda huku nimeikumbatia, nikalipiga bati teke kama marehemu mume wangu alivyolipiga, likafunguka.

Kutoka juu nililiona dirisha lao. Gogo lilikuwa limeuegemea mlango kwa nje, na maji yakiliegemea gogo. Rodel alikuwa ameshika grili kwa mikono miwili anaitikisa. Fundi aliifanya kazi yake vizuri. Tintin alikuwa begani kwa baba yake. Akaniona.

"Bibi, fungua!"

"Mama, shoka!" akapiga kelele Rodel. "Mtu alete shoka!"

Nikapiga kelele nami, shoka, shoka, na kila niliyemwona alikuwa juu ya bati lake anaita jina la mtu wake. Waliokuja ni Pulo. Walikuja na mashua waliyopewa na jiji, wakamtoa Charing kwenye mti, wakanitoa mimi. Niliwaonyesha dirisha. Vijana wao wawili walijifunga kamba wakaingia majini na mtaimbo, wakaing'oa grili kona moja, kisha kona ya pili. Ilipotoka, dirisha lilikuwa chini ya maji tangu kitambo.

Jonalyn alitukuta shuleni, kilimani, nimefunikwa blanketi la watu wa Pulo. Bado alikuwa na aproni ya sokoni, ina magamba ya samaki. Akauliza, "Wako wapi?" Aliuliza mara moja tu. Kisha akaniangalia usoni na hakuuliza tena, wala siku hiyo hakulia. Charing ndiye aliyelia, mpaka wakamtoa nje.

Sasa jiji linaandika mpango upya kwa sababu ya maafa yale. Bi Arrieta atapita tena nyumba kwa nyumba. Ungedhani safari hii mtaa utamwonyesha kila mstari. Kapitani Doming alimzika mama yake juma lilelile tulilowazika wa kwetu, na bado yeye ndiye aliyenunua chokaa. Nilimuuliza.

"Felisa, dada yangu," akasema, "waliokufa wameshakufa. Walio hai nikawalishe nini Kabulihan?"

Ninachojua ni kwamba wa Pulo wote wanakula leo, vibaya, lakini wanakula, na walikuwa na king'ora kwa sababu tu hawakupaka nguzo zao. Kwa hiyo nakwambia wewe mwenye mtoto: wakija kwako na ramani, waonyeshe tope lilipofika. Mwenyekiti akikucheka, acha acheke. Na king'ora cha ng'ambo kikilia, ondoka, uwe una rangi gani.

Nyumba ya Jonalyn imebaki kuta. Hakuziosha. Tope limekauka juu ya dirisha, karibu na dari, na grili imelala uani ilipotupwa. Jana walifika kwake na ndoo, Kapitani na Charing. Charing ndiye aliyeshika brashi.

"Jonalyn, mwanangu," akasema Kapitani. "Ukuta wako huu ukionekana, tunahama wote."

Jonalyn akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye ukuta.

"Ukuta mmoja hauchorewi ramani," akasema. "Si ndivyo mama yangu alivyoambiwa?"

"Tunajua uchungu wako."

"Haya, pakeni."

Kapitani akamtazama Charing. Charing akachovya brashi, akainyanyua, chokaa ikawa inamdondokea kwenye kanda mbili. Akapaka kidogo pembeni, huku na huku. Chokaa ikaruka kwenye nywele za mwanangu, kwenye shingo. Hakusogea. Charing akaiacha brashi ndani ya ndoo, akaenda zake bila kumuaga mtu, yeye ambaye haachi kusema. Kapitani akaibeba ndoo kwenda nyumba inayofuata.

Nilimpelekea wali jioni, akala ameegemea palepale. Usiku alilala palepale, na asubuhi hii nimemkuta amekaa. Nimemwambia Alhamisi bado, mwanangu, njoo uoge. Amesema akiinuka watarudi.

Nimeleta mkeka wangu nikakaa upande ule Charing alioupaka. Naandika nikiwa hapa. Hapa nilipo pana chokaa, na juu yetu tope liko vilevile.