Jina Chini ya Sufuria

Huku Ujiji sufuria ya shughuli haitoki nyumbani bila jina. Unachukua rangi ya kucha, unaandika kwenye kitako, ndipo unamwazima jirani mwenye msiba. Nimeyajua hayo tangu utotoni, kwa hiyo sina kisingizio.

Mzee Bonifasi, mwenye maboti ya mizigo kule Kigoma mjini, alitaka programu ya makarani wake: mtu aandike amri fupi ya Kiswahili, "pakia" au "shusha", na kompyuta itii. Kuunda kitu hicho toka mwanzo ni kazi ya miaka. Mimi nilichukua msimbo, yaani yale maandishi yanayoiendesha programu, wa bwana mmoja wa ng'ambo, alioutoa bila malipo. Leseni yake ilitaka mambo mawili tu: jina lake libaki juu ya kila faili, na yeyote nitakayempa programu nimpe na msimbo, naye awe huru kuugawa.

Mzee Bonifasi hakutaka kusikia habari za kugawa. Mkataba wake ulisema msimbo wote nimeuandika mimi Hasna, na tangu hapo ni mali yake peke yake. Milioni nne. Nyumba yetu ya Kasingirima ilikuwa inavuja kama chujio. Nikafuta jina la yule bwana faili moja baada ya jingine, yote mia mbili na kumi na saba, kisha nikatia sahihi.

Sasa Mzee Bonifasi anataka kuiuza programu nchi nzima. Ijumaa twende Dar, nikaape mbele ya wakili kwamba kazi ni yangu. Nikiapa, naapa uongo. Nikikataa, nirudishe pesa, na pesa zenyewe zimepigiliwa misumari juu ya vichwa vyetu.

Jana mama akarudi kutoka msibani Rusimbi, amekumbatia sufuria, amefura kwa hasira. Ni ile iliyopotea kwenye harusi mwaka jana. Ameitambua kwa bonde la ubavuni, maana jina limekwanguliwa. Mwanamke aliyekuwa nayo kainunua sokoni.

"Aliyenunua simlaumu," alisema. "Namtaka huyo aliyekaa kitako akakwangua, huku anajua ni ya mtu."

Nikamweleza yote. Kusema kweli nilitaka aniambie ninyamaze, kwamba yule bwana yuko mbali na hatajua kamwe. Badala yake akaniuliza yule bwana alinitoza nini.

"Hakunitoza kitu, mama. Alitaka jina lake tu."

Mama aliinua macho akayatazama mabati mapya. Kwa mara ya kwanza tangu masika nilimwona amechoka.

"Mpigie fundi," alisema. "Aje ayang'oe, tuyauze kabla ya Ijumaa."

Kisha akaingia chumbani kutafuta rangi ya kucha.