Mpe Mkono Mwenzako

Asubuhi roboti ilipoletwa, fundi wa kusuka nyaya alikuwa akifuta meza yake kwa kipande cha kanga kuukuu, kama kawaida. Roboti yenyewe ilikuwa mkono mtupu, mweupe, usio na kichwa wala kiwiliwili. Walioileta wakaifunga kwa skrubu kando ya kiti cha fundi.

"Mama, hii si mashine, ni mwenzako," alisema msimamizi. "Mpe mkono."

Alimaanisha aiongoze, ijue nyaya zinavyosukwa kabla ya kuingia kwenye mota ya feni. Lakini mama huyu alilelewa vizuri. Akiambiwa atoe mkono, hutoa kweli. Akaishika roboti kwa moyo mmoja, na mkono wake wa kulia ukahamia huko na kila ulichokijua. Kwake ilibaki nyama na mifupa. Hadi mchana roboti ilikuwa ikisuka bila kukosea, na kila ikimaliza fungu ililipigapiga taratibu, kama alivyozoea yeye.

Kantini, kijiko kilimponyoka. Mchomeleaji, ambaye yalimkuta mapema kwa roboti ya kuchomelea, alimwonyesha namna ya kula kwa mkono wa kushoto.

"Utazoea, dada. Mimi vifungo vya shati nafungwa na mke wangu. Tukigombana, nakuja kifua wazi."

Jioni kitindamimba wake alikaa chini katikati ya magoti yake, tayari kusukwa. Mkono ulitua kichwani kama mgeni asiyejua pa kukaa. Mtoto alisubiri weee, mwisho akalala na nywele timtim. Mama alilia sana, kwani kumsuka mwanawe ndiyo raha pekee aliyokuwa nayo kwa wiki nzima.

Kesho yake alimwendea msimamizi.

"Nirudishie mkono wangu."

"Ulitoa mwenyewe, mama, mbele ya watu. Na hii imefundishwa kupokea tu." Alifikiri kidogo, maana hakuwa na roho mbaya. "Mlete mtoto Jumamosi, saa ya chakula."

Mtoto akaletwa, akakaa kwenye kigoda. Roboti ilimsuka mistari iliyonyooka, bila kumvuta, kisha ikampigapiga kisogoni.

"Asante, mama," alisema mtoto, macho kayafumba.

Mama yake, aliyekaa pembeni na kitana, alifungua kinywa aitikie, akakifunga.

Mwezi ulipoisha, ilionekana meza ile inahitaji mfanyakazi mmoja tu, na huyo ni roboti. Wenzake walikuja kumpa mkono wa kwaheri. Aliwaomba radhi, akawapa wa kushoto. Mchomeleaji naye alitoa wa kushoto, ikawa salama.

Jumamosi alifika getini na mwanawe. Mlinzi, aliyemfahamu miaka yote, alimsalimu vizuri, akamuulizia hali ya nyumbani, kisha akamweleza utaratibu: wanaoingia ni wafanyakazi na jamaa zao tu.

Akamfungulia mtoto. Mama akamkabidhi kitana, akabaki nje.