Sare ya Bi Maisa kwenye Jalada la Albamu

Khairiya hakuwahi kuusikiliza muziki wa mdogo wake mpaka mwisho, wala hakujisumbua kujifanya anaupenda. Walid na wenzake wawili, Gibson wa ngoma na Erasmus wa gitaa la besi, walikuwa na bendi ya roki, ile ya nywele ndefu, wanja machoni, suruali za kubana na magitaa yanayolia mpaka bati linatetemeka. Bendi waliiita Radi. Walikwishatoa albamu mbili, na zote zilisikilizwa na mama zao tu, tena kwa kulazimishwa.

Ya tatu ilipokaribia, Walid alikuja Chang'ombe, kwenye duka ambamo dada yake hushona nguo za harusi, akalalamika kwamba hawana nguo za kupigia picha ya jalada. Khairiya akamwonea huruma. Kapuni yalikuwemo mabaki ya kitambaa cha zambarau chenye vimetameta, kile alichokuwa amekiweka mabegani kwenye sare ya harusi ya mteja wake, Bi Maisa. Akawashonea jaketi tatu za kubana, zenye mabega yaliyonyanyuka. Walipojitazama kwenye kioo, hata yeye alikiri kwamba safari hii wamependeza.

Sasa, mtu wa Dar hahitaji kuelezwa sare ya harusi ni kitu gani. Mama mtu anachagua kitambaa, ukoo mzima unakivaa, na watu wa nje hawatakiwi kukiona mpaka siku yenyewe. Bi Maisa wa Mbweni alikuwa anamwoza binti yake Wafa, na alikwishasema, "Kitambaa hiki nisikione kwa mtu mwingine, mwanangu." Khairiya akaapa. Kumbe mabaki hakuyahesabu kuwa kitambaa, na bendi ya Walid hakuihesabu kuwa watu. Nani angewaona?

Mji mzima uliwaona. Albamu ilitoka, wimbo mmoja ukashika moto, vinyozi wa Mbagala wakaupiga, madereva wa bajaji wakaupiga, na vijana waliokuwa wakiwacheka wakaanza kuulizia wanja. Kila simu ilikuwa na lile jalada, vijana watatu ndani ya zambarau ya Bi Maisa.

Harusi ilikuwa imebaki siku chache Bi Maisa alipoingia dukani. Hakupiga kelele. Aliitikia shikamoo, akaweka simu juu ya meza ya kukatia.

"Hiki nini, Khairiya?"

"Ni mabaki, Bi Maisa. Nimekosa."

"Shangazi zake Wafa washapima nguo zao. Leo wanatumiana picha hii wanacheka. Mie sitaki maelezo, nataka sare ambayo haijaonekana. Kama huwezi, sema. Na mie nitasema."

Khairiya aliujua uzito wa neno hilo. Karibu wateja wake wote waliletwa na mdomo wa Bi Maisa. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mama yule alikuwa na haki.

Njia ilibaki moja, kufumua mabega ya gauni zote, kutoa kile kitambaa cha vimetameta na kuweka lesi. Alimpigia Walid waje kumsaidia.

"Dada, kesho asubuhi tuko redioni," Walid alisema. "Ndo tulichokuwa tunakililia miaka yote, we mwenyewe unajua."

"Najua," Khairiya alijibu, akakata simu. Alilia kidogo kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia.

Asubuhi alipofika kufungua, aliwakuta wote watatu barazani, nywele wamezifunga kwa vitambaa.

"Na redio?"

"Tumewaambia watupigie hapahapa," Walid alisema. "Tupe nyembe, sista, tufumue."

Wakafumua. Simu ilipoita, Walid aliiweka juu ya cherehani, sauti juu, gauni la shangazi mtu likiwa mapajani. Mtangazaji aliuliza habari za albamu, kisha akacheka, "Sasa tuambie, braza, hizo jaketi! Mji mzima unamtafuta fundi wenu. Ni nani?"

Wembe wa Khairiya ukasimama. Oda kumi na mbili kwa siku angezipata, pengine zaidi, kwa kutajwa jina mara moja tu. Lakini atakayetafuta fundi angefika kwenye kitambaa, na kutoka kwenye kitambaa angefika kwa Bi Maisa. Walid alikuwa anamtazama, akisubiri. Khairiya akatikisa kichwa.

"Za mtumba hizo," Walid alisema. "Tuliokota tu."

Mtumba! Khairiya aliinama, akaendelea kufumua.

Bi Maisa alizifuata gauni mwenyewe. Alipitisha kidole kwenye lesi, bega kwa bega. Alipomaliza alizikunja, akaelekea mlangoni, kisha akageuka.

"Nimemsikia mdogo wako redioni. Eti mtumba."

"Ndivyo alivyosema, Bi Maisa."

"Mtumba gani ukae begani vile?" Bi Maisa alisema. "Harusi ikipita, mwambie aseme kweli."