Kibao Kilichonukia Karanga

Wiki ile haikupita siku bila Abasi, msubu sufuria, kusimama kwenye lango la karakana ya barabara pale Tabora mjini, akachungulia ndani na kuuliza kama mali yake bado ipo. Mali yenyewe ilikuwa vibao vya barabarani vya zamani, alumini tupu, vimerundikwa nyuma ya stoo. Vingine vilikuwa vimepauka hata huwezi kujua vilikuwa vinaamuru nini, vingine vimebonyezwa kwa mawe ya wachunga ng'ombe waliokuwa wakipima shabaha. Ofisi ilikwisha kumwahidi. Akivipata angevikatakata na kuvitia kwenye tanuru lake, na kabla ya Krismasi nusu ya harusi za mji zingekuwa zinapikiwa pilau ndani ya "Punguza Mwendo" na "Kona Kali".

Aliyemkwamisha alikuwa Recheli, fundi sanifu wa ofisi ile, mwanamke mwenye haraka ya miguu na ya ulimi. Recheli alikuwa amegundua jambo lililompa joto la mwili mzima: kinachozeeka kwenye kibao ni ngozi tu. Ile karatasi ya rifleta inayorudisha mwanga wa taa za gari ndiyo hupauka na kuchanika. Bati la alumini lililo chini yake halina habari na kutu, laweza kunyooshwa, kuvalishwa ngozi mpya na kusimama tena kazini kama bwana harusi. Kibao kipya kutoka Dar kina bei ya kumtoa mtu machozi, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni bati lenyewe. Na bati si hilo wanalo, wamelirundika uani linangoja kuwa sufuria? Alipolitambua hilo alimfuata bosi wake, Injinia Justus, akamweleza akiwa amesimama, maana kukaa hakuweza.

Justus alikuwa Mhaya mpole, asiyependa kelele wala ahadi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa nafasi. Stoo palikuwa na roli moja ya rifleta. Atengeneze kibao kimoja cha shule, na Ijumaa yeye mwenyewe angekipima. Kikifaulu, rundo zima litavishwa upya, na kila shule kwenye barabara ya kwenda Nzega itapata kibao chake kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kikishindwa, Abasi aje na mizani yake.

Kila shule, maana yake na ya Lusu pia. Hapo ndipo roho ya Recheli ilipokuwa. Lusu ndiko alikozaliwa, na ndiko binti yake Flavia alikokaa na bibi yake akisoma darasa la kwanza. Huku kwetu magharibi jua ni la kubembelezwa. Watoto wanaingia njiani kwenda shule na giza bado limetanda, na malori ya pamba yanapita pale kwa kasi ya kukimbilia soko. Mwaka uliopita lori lilimpitia rafiki yake Flavia, likamvunja mguu. Wazazi waliomba kibao, wakaomba tena, na jibu likawa lile lile, kwamba fedha hakuna. Tangu siku ile kila simu iliyotoka Lusu asubuhi ilimshtua Recheli kabla hajaipokea.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuivua ile ngozi ya zamani, na ngozi ilikataa. Gundi yake ilikuwa imeng'ang'ania kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama. Ukikwangua kwa kisu unachimba bati, na mashine ya kupuliza joto karakana haikuwa nayo. Recheli alihangaika nayo mpaka njaa ikamtoa nje, akaenda sokoni kwa shangazi yake Mwanne, muuza karanga. Mwanne alikuwa anakaanga karanga kwa mchanga, kama wanawake wa Unyamwezi wanavyokaanga siku zote: mchanga wa moto kwenye karai, karanga ndani yake, mwiko unazunguka, na maganda yanaachia yenyewe. Recheli aliutazama mwiko ule ukizunguka, akasahau njaa. Alirudi karakana mbio, akachota mchanga wa mtoni uliokuwa umemwagwa uani kwa ujenzi, akaupasha moto, akaumwaga juu ya kipande cha kibao kibovu. Akasubiri kidogo, akaingiza ukucha pembeni. Ngozi ikatoka yote kwa mkupuo. Mlinzi wa lango alimsikia akipiga vigelegele peke yake, akaja kuangalia kama kuna msiba au harusi.

Alibandika rifleta mpya kwenye kipande kile, ikashika sawasawa. Basi kwa kibao chenyewe, kile cha kupimwa, alitaka kilicho bora zaidi. Alimwomba shangazi yake mchanga wake. Mwanne hakuwa akiazima mchanga ule kwa mtu. Ulikuwa mweusi, laini, wa miaka na miaka, na alikuwa akisema mchanga mgeni unababua karanga lakini uliokomaa unashika joto kwa adabu. Kwa ajili ya Flavia aliubeba mwenyewe kichwani mpaka karakana, akausimamia kama anasimamia ubwabwa wa shughuli. Ngozi ya zamani ilitoka hata kabla hawajamaliza kupongezana. Wakalifuta bati kwa kitambaa, wakalivalisha rifleta nyeupe, ukingo mwekundu, na picha ya watoto wawili wanaokimbia. Alhamisi jioni kibao kilikuwa kimeegemea ukuta kinameta, na Recheli alikipiga picha akaituma Lusu. Furaha yake ilikuwa kubwa kiasi cha kumkera mlinzi.

Ijumaa asubuhi Justus alikuja na selotepu mfukoni. Alibandika kipande kwenye pembe ya kibao, akakisugua kwa dole gumba, akakivuta kwa nguvu. Selotepu ilitoka, na rifleta ikatoka nayo. Akajaribu pembe nyingine, ikawa hivyo hivyo. Watoto wa kwenye picha wakaning'inia vichwa chini.

"Recheli," alisema, na ilionekana wazi kuwa hakufurahi kulisema, "mvua ya kwanza itakivua chote. Dereva anayekitegemea kibao kisichokuwepo ni hatari kuliko asiyekitegemea. Siwezi kukisimamisha barabarani."

Alikuwa na haki, na Recheli alijua kuwa ana haki, na hilo ndilo lililouma. Simu ikapigwa. Hata majivu ya moto wa mchanga yalikuwa hayajafagiwa, Abasi akaingia na mkokoteni, mizani yake juu yake, pamoja na jiwe lake la kupimia, pande kubwa la chuma. Alianza kupanga vibao huku akiimba.

Recheli alikuwa amechuchumaa pembeni, kipande cha rifleta kilichobanduka mkononi. Alikileta karibu na uso ili aitazame gundi yake. Akanusa. Akanusa tena, akainamia bati lenyewe akalinusa mpaka pua ikaligusa. Lilikuwa linanukia karanga.

Mchanga wa shangazi! Miaka yote ile ya kukaanga, mafuta ya karanga yalikuwa yamenywewa na mchanga, na mchanga ule uliokomaa kwa adabu ulikuwa umelipaka bati mafuta yote uliyokuwa umeyaweka akiba. Ungebandika nini kikashika juu ya mafuta? Mchanga wa mtoni, ule mgeni usio na adabu, haukuwa na mafuta, ndiyo maana kipande cha majaribio kilishika. Kosa halikuwa kwenye wazo. Lakini injinia alikwisha kutoa neno, na Abasi alikuwa anainua kibao cha kwanza kukiweka kwenye mizani.

Sasa, Abasi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na Recheli ni Mnyamwezi. Hawa ni watani tangu enzi za misafara, Mnyamwezi aliposhuka pwani na mzigo begani na kumkuta Mzaramo mlangoni kwake. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia, kitoweo, hata jeneza akilikalia, na huna ruhusa ya kununa. Unachoweza ni kukomboa tu, kwa kumpa fidia anayoitaka. Recheli aliinuka, akalibeba lile jiwe la mizani kwa mikono miwili, akalifunga ndani ya kanga, akaifunga kanga mgongoni kama amebeba mtoto.

Abasi alimtaka alirudishe jiwe lake, maana bila jiwe hawezi kupima.

"Pima kwa macho," alijibu Recheli, akimbembeleza mtoto wake wa chuma. "Si ndivyo babu zako walivyokuwa wanapima pembe za ndovu za babu zangu?"

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Justus, ambaye utani huu haukumhusu, aliuliza kwa wasiwasi kama huu si wizi. Mlinzi akamweleza kuwa utani huu ulikuwepo kabla ya ofisi yake. Abasi alisimama mikono kiunoni, akitafuta pa kukasirikia na asipaone, kwa sababu mtani akikasirika ameuvunja utani, na hakuna Mzaramo atakayekubali hadithi ya namna hiyo imfikie Kisarawe. Mwishowe akauliza fidia. Recheli akasema anataka mpaka saa kumi tu. Saa kumi atalirudisha jiwe, na kama kibao kitabanduka tena atampakilia vibao mwenyewe.

Kisha akamgeukia Justus, akamnyooshea bati alinuse. Injinia alinusa, akafikiri, akachota maji kwenye kikombe akalimwagia. Maji yalijikunja yakawa matone, yakakimbia huku na huku. Akamwonyesha: maji yakikimbia hivi, pana mafuta, yakitandaa kama shuka, bati ni safi. Alikunja mikono ya shati yake nyeupe, na mtu asiyependa kelele akaanza kuagiza sabuni ya unga kwa sauti.

Mchana ule karakana ilikuwa kama jikoni la shughuli. Mwanne aliitwa, akaelezwa, akashika kiuno. Alisema kumbe mafuta yote huishia mchangani, ndiyo maana wateja wake hawanenepi. Hakuona aibu hata chembe. Aliukoka moto, akapasha mchanga wa mtoni huku akiutukana kwa ugeni wake. Recheli aliivua ngozi iliyobaki, akasugua bati kwa sabuni, akamwagia maji, yakakimbia. Akasugua tena, yakakimbia kidogo. Akasugua mpaka vidole vikakunjamana, na jiwe bado liko mgongoni, maana hakuthubutu kulitua. Mara maji yakatandaa. Yalitulia juu ya bati lote bila kukatika, na Recheli akaona sura yake humo, imejaa masizi na inacheka. Akalikausha bati, akalivalisha rifleta mpya iliyobaki kwenye roli.

Saa kumi Abasi alikuwa amesimama na mkokoteni wake. Justus alibandika selotepu, akasugua, akavuta. Selotepu ilitoka peke yake. Akavuta pembe ya pili, na ya tatu, akajaribu kwa ukucha, kisha akampa Abasi naye ajaribu. Abasi alivuta kwa moyo wote wa mtu anayetaka sufuria, na rifleta haikutikisika. Wakakiingiza kibao stoo, wakafunga mlango, Recheli akawasha tochi. Kutoka gizani wale watoto wawili waliruka mbele yao, weupe, wanakimbia.

Halafu Mwanne akapiga kigelegele kilichowatoa popo darini, na Recheli akajikuta amemkumbatia injinia wake, jambo ambalo halipo kwenye taratibu za ofisi. Alilifungua jiwe mgongoni, akamrudishia mwenyewe. Abasi alilipokea akilalamika kuwa sasa amebaki na jiwe na hana cha kupima.

Januari, siku ya kufungua shule, Recheli alikuwa Lusu. Kibao kilikuwa kimesimikwa jana yake na wazazi wenyewe. Alfajiri, giza likiwa bado zito, alisimama kando ya barabara ameshika mkono wa Flavia, na watoto wengine nyuma yao wakisalimiana mwangaluka kwa sauti za usingizi. Wengine, wasio na subira, walikwisha kuanza kuvuka. Upande wa Tabora zikatokea taa, zinakuja kwa kasi. Recheli akaukaza mkono wa Flavia. Taa zikiwa mbali bado, kibao kikawaka, ukingo mwekundu, tumbo jeupe, kama mtu amefungua mlango wa nyumba yenye moto ndani.

Gari likafunga breki. Nyuma yake kukasikika mshindo wa vyombo kugongana, sufuria juu ya sufuria, makelele ya kuamsha kijiji kizima. Lilisimama. Watoto wakamalizia kuvuka, Flavia akiwa wa mwisho, akipunga mkono kwa dereva bila kumwona.

Alikuwa Abasi, anapeleka mali mnadani Igunga. Recheli alikaribia akiwa na neno la kumtania tayari mdomoni, akaliona halifai. Mikono ya Abasi ilikuwa bado imeshika usukani.

"Watoto sikuwaona, mtani," alisema. "Nimeona kibao."

Kisha akainama chini ya kiti, akatoa lile jiwe la mizani, akalipitisha dirishani.

"Kaa nalo," alisema. "Hili silikomboi."

Recheli alilipokea kwa mikono miwili. Ng'ambo ya barabara Flavia alikuwa anamwita, akitaka mama aone jinsi alivyovuka.